Oili ya pikapu kwa sisi tunaozilaza Mokowe: ipi ya kununua, na ya kumwaga lini

Swali linaloulizwa sana kwenye boti ya asubuhi ya kwenda Mokowe, baada ya bei ya samaki na habari za mazishi, ni hili la oili. Nitie sintetiki au ya kawaida? Fundi wa hapa kasema kilomita elfu tano, yule wa Mombasa kasema elfu kumi, nimfuate nani? Kisiwani kwetu magari ni ya kuhesabu kwa vidole, na mwenye pikapu huku Wiyoni huilaza bara, ng'ambo ya maji, akaionea huruma kwa mbali. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja, ili anayeulizwa tena amwelekeze mwenzake hapa.

Mimi si muuza oili wala si fundi. Nina Hilux ya dizeli inayokwenda na samaki Malindi na Mombasa na kurudi na bidhaa za duka, na nina tabia ya kusoma kile kitabu kinachokaa ndani ya droo ya gari, ambacho wengi hukitumia kukunia pembeni ya kiti. Pikapu nyingi za mtaani kwetu si za matembezi. Ni za watu watatu wanne waliochanga, au za mkopo wa chama, na mkopo hausimami kwa sababu injini imelala garaji. Jirani yangu mmoja aliipoteza injini njiani, baina ya Witu na Garsen, akiwa na shehena ya kamba. Barafu iliyeyuka kabla ya gari la kuvuta kufika. Kwa wiki kadhaa kabla ya siku ile, taa nyekundu ya oili ilikuwa ikichelewa kuzima kila asubuhi anapowasha, na hakuna dereva aliyeitilia maanani. Nitarudi kwenye taa hiyo.

Namba zilizo kwenye mtungi

Chukua mtungi ulioandikwa 15W-40. Namba ya kwanza, ile yenye W, inaeleza oili inavyotiririka injini ikiwa baridi. W ni ya neno winter, yaani majira ya baridi ya huko kwao. Oili ya 5W hupimwa kwenye nyuzi 30 chini ya sufuri, na ya 15W kwenye nyuzi 20 chini ya sufuri. Kwetu hata kusi ikivuma namna gani, baridi haikaribii nyuzi 15 juu ya sufuri. Kwa hiyo anayekutoza zaidi kwa ajili ya 0W peke yake, akikuambia gari litawaka vizuri alfajiri, anakuuzia koti la theluji. Ipo faida ndogo iliyobaki: hata kwenye joto letu, oili nyepesi hupanda juu ya injini upesi kidogo unapowasha. Si faida ya kukopea.

Namba ya pili ndiyo inayotuhusu. Hiyo hupimwa oili ikiwa kwenye nyuzi 100, joto la injini inayofanya kazi. 30 ni nyepesi, 40 ni ya katikati, 50 ni nzito. Kitabu cha gari huwa na jedwali la joto la nchi na uzito unaokubaliwa, na kwa pikapu nyingi za dizeli za zamani utakuta 15W-40 imo ndani yake kwa nchi za joto. Injini mpya zimetengenezwa kwa nafasi ndogo zaidi baina ya vyuma, na nyingi zinataka 30. Ukiitilia oili nzito injini kama hiyo kwa imani kwamba uzito ni nguvu, oili huchelewa kupenya, na dizeli inaliwa zaidi.

Kuna mafundi wanaopenda kutia 20W-50 kila kitu kinachotoa moshi. Mimi naona hivi: injini iliyochoka inayokunywa oili, ukiipa nzito, itakunywa kidogo kuliko kabla na mlio utapungua. Lakini ringi zilizoisha zimebaki zimeisha. Ni dawa ya maumivu, nayo ina mahali pake ikiwa unakusanya pesa za kuifungua injini.

Herufi zinazosahaulika

Watu husoma namba wakaacha herufi, na herufi ndizo zenye maana zaidi. Angalia nyuma ya mtungi palipoandikwa API. Herufi zinazoanza na S ni za petroli: SL, SN, SP. Zinazoanza na C ni za dizeli: CF-4, CH-4, CI-4, CK-4. Kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele, kiwango ni kipya zaidi: CI-4 ilitoka 2002, CK-4 mwisho wa 2016, na SP ya petroli 2020. Mitungi mingi ina zote mbili, mfano CI-4/SL, na hapo ile inayotangulia ndiyo kazi yake hasa. Dizeli hutoa masizi mengi yanayoingia kwenye oili, na oili yenye S peke yake haikutengenezwa kuyabeba.

Kwa pikapu ya dizeli ya kawaida huku kwetu, CI-4 ndiyo nisiyoshuka chini yake. Sababu moja ni salfa. Salfa ya dizeli ikiungua huzaa asidi, na oili hubeba dawa ya kuiua asidi hiyo, dawa ambayo hupungua kila kilomita. Kenya na jirani zake wa Afrika Mashariki walishusha salfa hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015. Kabla ya hapo ilikuwa 500. Ni nafuu kubwa, na mafundi wanaotaja elfu tatu wengi wao walijifunza kazi enzi za dizeli ile ya zamani. Lakini Ulaya ni 10 na Marekani ni 15, kwa hiyo kilomita zinazotajwa kwenye vitabu vya huko hazituhusu moja kwa moja.

Wenye pikapu mpya zilizotoka Japani wachunge jambo jingine. Nyingine zina chujio la masizi ndani ya ekzosi, lile linaloitwa DPF. Hilo linataka oili yenye majivu machache, iliyoandikwa JASO DL-1 au ACEA C2 au C3, kama kitabu kitakavyosema. Ukiitia CI-4 ya kawaida, majivu yake hujaza chujio polepole, na majivu hayaungui kama masizi. Kabla ya kununua oili, jua kama unalo chujio hilo au limeshaondolewa na mwenye gari aliyetangulia.

Sintetiki ni nini hasa

Oili yoyote ni mafuta ya msingi pamoja na dawa zilizochanganywa ndani yake. Mafuta ya msingi hugawanywa makundi 5. La 1 na la 2 ndiyo tunayoiita oili ya kawaida, iliyosafishwa kutoka mafuta ghafi. La 3 pia hutoka kwenye mafuta ghafi, ila limepikwa kwa haidrojeni na joto kali hadi chembe zake zikabadilika umbo. La 4 limeundwa kiwandani chembe kwa chembe. La 5 ni mengine yote.

Zamani sintetiki ilikuwa la 4 na baadhi ya la 5. Mwaka 1999 huko Marekani Mobil ililalamika kwamba Castrol inauza kundi la 3 kwa jina la sintetiki, na baraza la kusuluhisha matangazo ya biashara likaamua kwamba Castrol ina haki. Tangu hapo sehemu kubwa ya mitungi iliyoandikwa sintetiki duniani ni kundi la 3. Silisemi hili kwa kulidharau, kundi la 3 ni oili nzuri mno. Nalisema ili ujue kwamba neno lililoandikwa kwa dhahabu mbele ya mtungi halikuambii mengi, na lile lililoandikwa kwa wino mdogo nyuma ndilo la kulisoma. Sintetiki yenye herufi za chini inashindwa na ya kawaida yenye herufi za juu.

Kinachopatikana kwa kweli kwenye sintetiki ni uvumilivu wa joto. Haiungui upesi na haigeuki gundi. Anayefaidika zaidi ni mwenye turbo. Ile pangaboi ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikiegemea utando wa oili tu, huku upande mmoja ukipigwa na moshi wa moto. Ukifika Mokowe kutoka safari ndefu ukazima papo hapo, oili iliyobaki ndani hukaangika. Iache ingurume dakika moja au mbili kwanza, hilo ni bure, na lina faida kwa oili yoyote.

Na yale maneno kwamba ukishatia sintetiki huwezi kurudi nyuma, au kwamba zikichanganyika zinaharibu injini, hayana msingi. Oili zenye alama ya API zinatakiwa zielewane. Ukipungukiwa njiani Gamba na duka lina ya kawaida tu, yenye herufi sawa, tia uende. Mvujo unaoonekana baada ya kubadili kwenye gari kuukuu mara nyingi ulikuwapo. Uchafu uliokuwa umeuziba ndio ulioondoka.

Hesabu ya pesa

Tufanye mfano, na wewe uweke bei za duka lako. Injini inakula lita 7. Ya kawaida tuseme ni shilingi 700 kwa lita, sintetiki 1,500, filta 900. Sevisi ya kawaida ni 5,800, ya sintetiki 11,400. Kwa mwaka wa kilomita 20,000, ukimwaga ya kawaida kila 5,000 umetumia 23,200. Ukimwaga sintetiki kila 10,000 umetumia 22,800. Ni sawasawa. Ukimwaga sintetiki kila 5,000, umetumia 45,600.

Kwa hiyo sintetiki inajilipa kwa mwenye kuirefusha tu, na swali la kweli ni kama mazingira yetu yanaruhusu kurefusha. Mara nyingi hayaruhusu. Vitabu vyote vina ukurasa wa matumizi magumu: vumbi, mizigo mizito, safari fupifupi, kunguruma gari limesimama. Soma orodha hiyo ukiwa Hindi utadhani aliyeiandika amelala kwetu.

Anza na safari fupi. Pikapu inayokwenda Mokowe hadi Hindi na kurudi, mara mbili tatu kwa wiki, haipati joto la kutosha kukausha unyevu ulioingia ndani ya injini. Hewa ya chumvi na unyevu wa mwambao huongeza. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta povu la rangi ya maziwa chini yake, usikimbilie kuambiwa gasketi ya silinda hedi imekufa. Angalia kwanza maji ya rejeta kama yanapungua, na dipstiki kama oili yenyewe imegeuka maziwa. Ikiwa maji hayapungui na dipstiki ni safi, yaelekea huo ni unyevu wa safari fupi. Ipeleke mwendo wa saa nzima na uone kama utaondoka. Gari la namna hii huhesabiwa kwa miezi. Mimi husema miezi 6, hata kama kilomita hazijafika 3,000.

Vumbi ni la barabara za bara zisizo na lami, kuelekea Kiunga hasa. Hapo adui ni chujio la hewa lililopasuka au lisilokaa vizuri, kwani mchanga unaopita hapo husaga silinda, na hakuna oili ya bei yoyote inayozuia mchanga. Mwenye kwenda huko alikung'ute kila safari na alibadilishe mapema.

Kisha kuna kungoja: kizuizi cha polisi, msafara, shehena isiyofika, na dereva hazimi injini kwa sababu ya barafu au feni. Kilomita hazisogei lakini oili inafanya kazi. Mafundi wengi huhesabu saa moja ya kunguruma kama kilomita 40 hivi. Ukisimama saa 2 kwa siku, siku 6 kwa wiki, umeongeza karibu kilomita 480 ambazo haziko kwenye mita.

Nikiyaweka yote pamoja, haya ndiyo ninayowaambia wenzangu wa kwenye boti. Hilux za zamani zenye injini ya 3L au 5L, na Lanikruza za 1HZ, hazina turbo na masizi yao ni mengi: 15W-40 ya CI-4, ya kawaida, kila 5,000 bila kujidanganya. Sintetiki humo ni kumvisha punda kanzu ya hariri. Zile za turbo za 2KD na 1KD: CI-4 ile ile ikiwa unamwaga kila 5,000, au nusu sintetiki au sintetiki kamili ikiwa kazi yake ni lami ya Mombasa tu, safari zaidi ya kilomita 300 kwa mkupuo, na hapo 7,000 au 8,000 sioni ubaya. Za GD mpya, fuata kitabu kwa uzito na herufi, na usipite nusu ya njia ya kile anachokuambia muuzaji wa oili. Wenye Isuzu D-Max wafuate hesabu hiyo hiyo kwa kuangalia kama wana turbo na kama wana chujio la masizi.

Sasa ile taa. Injini za 1KD na 2KD zina ugonjwa unaojulikana hadi Australia: viti vya injekta juu ya silinda hedi huvuja, moshi wa moto huingia kwenye oili, masizi hugeuka lami ngumu na kuziba wavu ulio chini kabisa ndani ya sampo, pale pampu inaponyonya oili. Dalili ya kwanza ni taa ya oili kuchelewa kuzima unapowasha. Ukiiona, usiende safari. Fungua sampo, safisha wavu, na injekta zikaguliwe viti vyake. Kubadilisha oili peke yake hakuondoi kilichoziba, na oili ya bei ghali haisaidii kitu ikiwa haifiki inakotakiwa.

Usiitazame rangi. Oili ya dizeli huwa nyeusi siku ya pili, na hiyo ni alama kwamba inabeba masizi. Kinachotisha ni harufu kali ya dizeli kwenye dipstiki, au kipimo kupanda bila wewe kuongeza; hapo dizeli inavuja ndani. Pima gari likiwa mahali sawa, si kwenye mteremko wa jeti, na ungoje dakika 10 baada ya kuzima. Filta ibadilike kila mara oili inapobadilika. Na waliopita kwenye maji barabara ilipofurika, kama vile Gamba mwisho wa 2023, wafungue nati ya difu watazame: ikiwa oili yake ni maziwa, maji yalishaingia kwa tundu la kupumulia.

Gari la shirika lina tatizo lake pia. Madereva wako watatu, kila mmoja anadhani mwenzake ndiye aliyemwaga. Funga daftari kwa kamba kwenye usukani: tarehe, kilomita, oili gani, lita ngapi zilizoongezwa katikati. Oili inayoongezwa ndiyo habari ya afya ya injini, na bila kuandikwa hakuna aijuaye.

Oili ya kupima na mitungi mitupu

Oili feki ipo. Duka linalopima kwa kikombe kutoka kwenye pipa linaweza kuwa la mtu mwaminifu kabisa, lakini hata yeye hajui aliyelijaza pipa. Nunua mtungi uliofungwa, angalia sili, namba ya toleo na tarehe, na alama ya KEBS, iwe ile ya bidhaa za nchini au stika ya zilizoingizwa. Dai risiti. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, jibu limo humo. Na mitungi yako mitupu usiwauzie wanaopita wakiulizia yenye kifuniko na karatasi yake. Hiyo ndiyo inayojazwa tena. Ichane karatasi, uitoboe. Wavuvi wanaotaka maboya ya nyavu wapewe iliyochanwa karatasi bila kutobolewa.

Oili chafu usiimwage mchangani wala mtaroni. Karibu theluthi mbili za mikoko ya Kenya iko Lamu, na mafuta yakigandia mizizi ya mkoko ya kupumulia huuziba. Najua wengi huipaka kwenye nguzo kuzuia mchwa. Inasaidia, lakini ina kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, kwa hiyo isipakwe penye mkono wa mtoto au mdomo wa mbuzi, na isitumike kuwashia tanuri. Irudishe kwenye mtungi, iandikwe, impelekee mwenye garaji anayekusanya kwa wachukuzi wenye leseni ya NEMA.

Wenye boti nao wameniuliza kama oili ya pikapu inafaa kwenye mashine ya maji. Mashine ya mipigo miwili, ile ya kuchanganya na petroli, inataka oili iliyoandikwa TC-W3, na si ile ya pikipiki za mipigo miwili yenye JASO FC au FD, kwa sababu mashine ya boti hupozwa kwa maji na oili yake haitakiwi kuacha majivu. Ya mipigo minne inataka FC-W, ambayo ina dawa ya kuzuia kutu ya chumvi. Uwiano wa kuchanganya umeandikwa kwenye kitabu cha mashine au karibu na tangi lake, na hutofautiana mashine kwa mashine, hata za jina moja.